Malkia wa Roma Azaliwa Manyatta

Uligeuza kiti. Usijifanye hukumbuki. Jumamosi ile jioni, kwenye veranda ya Klabu ya Ghuba hapa Kisumu, neno lilisemwa kwa sauti iliyowafikia hata wauza samaki wa mbuta waliokuwa nje ya ua, na wewe, glasi mkononi, kipande cha nanasi kikining'inia ukingoni, ulikamata kiti chako, ukakigeuza, ukaanza kulitazama ziwa kama mtu aliyelizaa. Ziwa lilikuwa na nini cha kutazamwa? Maji. Maji yale yale uliyoyatazama mwaka wa njaa, ule wa mahindi ya manjano, wakati akina mama walipokuwa wakigombania makombo nyuma ya jikoni la klabu hiyo hiyo. Hata wakati ule uligeuza kiti. Wapo wanaokumbuka.

Basi kaa hivyo hivyo, mgongo wako huku, usikilize habari za Adero. Masikio hayageuki na kiti.

Adero ni mama wa Manyatta, nyuma ya Kondele. Majirani humwita Nyar Uyoma, binti wa Uyoma, kwa sababu kwao ni Luanda Kotieno, na huku kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa jina la alikotoka hata azeeke kwa mumewe. Kwa miaka mingi aliosha glasi katika jikoni la Klabu ya Ghuba. Siku moja akapunguzwa. Hilo ndilo neno walilotumia, kupunguzwa, kama yeye ni chumvi iliyozidi kwenye mchuzi. Akaondoka na aproni yake na kitu kimoja ambacho klabu haikujua kuwa anacho.

Kitu chenyewe ni sharubati. Si ile ya kunywea mkate. Ni ile nzito, inayodondoshwa kidogo chini ya glasi kabla mhudumu hajamimina jini na barafu juu yake, ile inayowafanya wakubwa wafumbe macho na kusema "mmm" kama watoto wanaonyonya. Zamani klabu iliiagiza kutoka Italia, katika chupa ndefu zenye picha ya kanisa la Roma. Kisha serikali ikabana leseni za kuingiza bidhaa, chupa zikakauka, na meneja, Bwana Obiero, akawa anazunguka kaunta kama kuku aliyeibiwa mayai. Kinywaji chao cha sifa, Malkia wa Roma, wangekitengeneza na nini? Na maombi?

Ni Adero aliyemwambia, kwenye mlango wa nyuma, "Baba, nipe hizo chupa tupu."

Mananasi aliyapata Kibuye kwa Waithira, mama aliyetoka Nyeri zamani akaweka meza ya matunda pale sokoni na hakurudi tena. Waithira alimwekea yale yaliyoiva mpaka yananukia kutoka upande wa mitumba. Nyama ya nanasi ililiwa nyumbani. Adero alitaka maganda. Aliyaosha, akayatia kwenye mtungi pamoja na sukari nguru iliyopondwa, ile nyeusi ya njia ya Kibos, akamimina maji yaliyochemshwa yakapoa, akafunga mdomo wa mtungi kwa kipande cha leso kuukuu. Leso, si kifuniko. Mtungi sharti upumue. Siku zilipotimia povu jeupe lilipanda, na ukitega sikio ungeusikia mtungi unanong'ona. Ukiuwahi, una maji ya sukari tu. Ukiuchelewa, una siki. Adero aliukamata katikati, akachuja, akachemsha na tangawizi mpaka mnong'ono ukafa na mchuzi ukashika mgongo wa kijiko.

Karakara alizifanyia kinyume. Hazikuona moto hata siku moja, kwa sababu moto hufukuza harufu yake. Sukari na maji vilichemka peke yake, vikapoa, ndipo tunda likakorogwa ndani. Ndimu alichukua ganda lake la juu, akalisugua na sukari kwa kiganja mpaka sukari ikalowa mafuta. Na ukwaju, ule ambao kwao Uyoma hutiwa kwenye uji wa mgonjwa asiye na hamu ya kula, aliuloweka, akaukamua, akautia mwishoni kabisa, kidogo, ili utamu usilale ulimini kama mgeni asiyetaka kwenda kwao.

Kisha chupa. Obiero alikuwa na masharti juu ya chupa. Adero alipaka nta ya mshumaa juu ya ile picha ya kanisa ili isibanduke akiosha, na alileta mzigo asubuhi, kwa mlango wa nyuma, ndani ya kikapu kilichofunikwa sukuma wiki.

"Na mtu akiniuliza nimebeba nini?" alimwuliza siku ya kwanza.

"Nani atakuuliza? Wewe ni mama wa mboga."

Na hakuna aliyeuliza. Mlikunywa. Lo, mlivyokunywa! Mwalimu Wepukhulu, mkuu wa shule, aliinua glasi mbele ya taa akasema Waitaliano wana adabu na matunda, sisi tunayaacha yaoze. Katekista akasema kuna kitu kitakatifu katika ladha hiyo. Na Bwana Ochieng, naibu wa chifu, ambaye anataka aitwe Chifu na sisi tukamwita hivyo ili siku ziende, hakuwahi kuishia glasi moja. Walter Oduor, mhudumu wa kaunta, aliwasikiliza akipangusa meza. Yeye alijua. Kila asubuhi ndiye aliyepokea kile kikapu na kuondoa sukuma wiki juu yake. Siku moja alimwambia Adero, "Nyar Uyoma, leo umekuwa mtakatifu. Wiki jana ulikuwa Mwitaliano. Kesho sijui watakufanya nini."

Kesho yake haikuwa mbali.

Chifu alitakiwa na wakubwa wake aonyeshe kazi. Chang'aa ilikuwa imepigwa marufuku kitambo, na kila afisa alipimwa kwa mitungi aliyovunja. Waliokuwa wakipika kweli kule Manyatta walikuwa wamekwisha kuelewana naye, unajua kwa njia gani, usinitolee macho. Basi asubuhi moja akaja na askari wawili wa utawala, wakapita milango yote ya wapikaji bila kugeuza shingo, wakapiga teke mlango wa Adero.

Walikuta mitungi inanong'ona. Walikuta donge la sukari nguru. Chifu akapiga makofi kwa furaha.

"Kangara!" alisema. Kangara ni ule mchanganyiko unaochachushwa kabla ya kupikwa chang'aa. "Mama, leo umeisha."

"Mzee, hii si kangara. Ni maganda ya mananasi. Pipa la kupikia liko wapi? Bomba liko wapi? Tafuta hata chini ya kitanda."

"Umeficha."

"Basi onja. Onja tu, Mzee. Chukua kijiko hiki."

Chifu akarudi nyuma kana kwamba ameonyeshwa nyoka. "Mimi ni Mkristo," alisema. "Uchafu kama huu hauwezi kugusa mdomo wangu."

Yawa! Mdomo uliokuwa umemaliza chupa za mama huyo kwa mwaka na zaidi. Adero alifungua kinywa aseme mambo ya klabu, akakumbuka onyo la Obiero kwamba siku akitamka jina la klabu hatapeleka tena hata ndimu moja. Akafunga kinywa. Alidhani Obiero, akisikia, atakuja mwenyewe. Msimcheke. Mtu akishaosha glasi zako miaka yote hiyo huwa anadhani anakujua.

Mitungi ikavunjwa uani, isipokuwa mmoja. Huo ulimwagwa, maganda, povu na vyote, ndani ya mtungi wa plastiki wa lita ishirini, uwe ushahidi. Askari akakaza kifuniko kwa nguvu zake zote. Chifu akatoa lakiri nyekundu ya ofisini, akaiyeyusha kwa kiberiti, akaidondosha kuzunguka kifuniko mpaka kisingeweza kupitisha hata pumzi ya sisimizi, akapiga mhuri juu yake kwa fahari. "Hakuna mtu atagusa hii," alisema.

Adero aliitazama ile lakiri ikikauka. Alifungua kinywa tena. Halafu, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, akanyamaza kwa raha zake.

Mtungi ukawekwa dirishani mwa ofisi ya Chifu, chini ya bati, jua lote la Kisumu likiuchoma. Tumbo lake likaanza kuvimba. Askari waliliona, wakasema pombe ya mama huyu ni kali mpaka inanenepa. Siku ya baraza ukatolewa nje, ukawekwa juu ya meza, na Adero akaketishwa chini mbele ya watu wote kama mbuzi wa mnada. Chifu alivaa kaki iliyopigwa pasi mpaka inakata. Akasimama karibu na meza, akauwekea mkono ule mtungi.

"Sumu hii," alisema, "inaua vijana wetu! Imezibwa hapa na serikali! Na kitu kikizibwa na serikali..."

Ulipasuka. Kifuniko kilienda na lakiri na mhuri wake, kikapiga bati la ofisi, na povu likampata Chifu usoni, kifuani, na kwenye vile vifungo vya shaba. Ganda moja la nanasi lilibaki juu ya kofia yake, limesimama vizuri kama manyoya ya askari wa gwaride. Kisha bibi mmoja mzee wa Kondele akasema polepole, "Serikali imejaribu." Hapo watu wakaangua kicheko ambacho Manyatta haijakimaliza mpaka leo.

Na wewe ulikuwepo pia, nyuma, chini ya mti. Ulicheka na kiganja mdomoni. Kucheka mnaweza.

Lakini mtu aliyechekwa akiwa na kofia ya serikali ni mtu hatari. Chifu alimpeleka Adero kortini siku iyo hiyo. Ushahidi ukiwa umemwagika wote mwilini mwake, likabaki neno lake dhidi ya neno la Adero, na wewe unajua neno la nani huwa zito. Akishindwa, ni kifungo, na watoto wake watatawanywa kwa ndugu kama vyombo vya marehemu. Waithira alikuja kutoka Kibuye, aproni ingali inanata utomvu wa maembe, akaweka kibanda chake cha soko kuwa dhamana.

"Sasa tunatafuta shahidi," Waithira alisema walipotoka nje. "Yule bwana yako wa klabu atasema nini?"

"Atasema ukweli. Si ni sharubati yake?"

"Adero, wewe ni mama mzima. Usiongee kama msichana."

Alikwenda. Mlango ni ule wa nyuma. Obiero alitoka akaurudisha nyuma yake, ukabaki na mwanya wa kidole.

"Umekuja kufanya nini hapa? Watu wanaongea."

"Baba, sema tu neno moja kortini. Sema ulinituma. Ni hilo tu."

"Nikisema ni yako, ile ya Italia ni nini?"

"Si ni hiyo hiyo."

"Unaona! Unaona sasa?" Alipunguza sauti. "Hawa watu wananiamini. Niende kuwaambia walikuwa wanakunywa maganda ya Manyatta? Mkuu wa shule? Daktari? Wakubwa wa mkoa? Mama, unataka kuniua."

"Mimi naenda jela, Obiero." Hakumwita Baba.

"Wewe utatoka. Jina la klabu likichafuka halitoki." Akafunga mlango. Ule mwanya wa kidole nao ukaisha.

Siku za sharubati ya Adero zikapita, chupa zikaisha, na Obiero akafanya alichoweza: sukari nyeupe, maji, rangi nyekundu ya keki. Akaitia ndani ya zile chupa zenye kanisa. Na sasa ndipo inapokuja Jumamosi yako.

Adero alikuwa jikoni. Walter alikuwa amemwambia aje, atampa mifuko ya sukari nguru aliyokuwa akiihifadhi hapo, kabla haijatupwa. Alisimama nyuma ya kile kidirisha cha kupitishia sahani, na kupitia hapo aliiona veranda yote: meza, mashati meupe, vichwa vya watu wa maana. Alikuona.

Wote mlikuwa mnakunywa ile rangi ya keki. Wote. Mwalimu Wepukhulu aliinua glasi mbele ya taa, akasema Waitaliano wana adabu. Adero alishika ukingo wa kidirisha. Hilo, alimwambia Waithira baadaye, ndilo lililomuuma kuliko mlango wa Obiero. Kwamba hata hamkuwa mnaonja. Kwamba alikuwa akikesha akisikiliza mitungi kwa ajili ya ndimi zinazosoma karatasi ya chupa.

Mmoja tu ndiye aliyeweka glasi chini akakunja uso. Chifu.

"Hii si ile," alisema.

"Ni ile ile, Chifu," Obiero alikuja mbio. "Pengine barafu imezidi."

"Barafu! Mimi ni mtoto? Ile ilikuwa na nanasi. Halafu ilikuwa na kitu kingine kikali kinakuja nyuma, kama... kama ukwaju. Hii ni peremende. Oduor! Nipe ile yenyewe."

Walter alikuwa anapangusa kaunta. Alipangusa mahali pale pale, akapangusa tena. Kisha akakitupa kitambaa begani.

"Ile yenyewe uliimwaga, Chifu."

"Nini?"

"Kule Manyatta. Ilitengenezwa na Nyar Uyoma, kila chupa, kila wiki, na mimi ndiye nilikuwa napokea. Wewe ukavunja mitungi. Ile uliyobakisha ilikuvaa kwenye baraza, na kama ungejilamba ungeijua."

Chifu aliitazama glasi yake, akamtazama Obiero, na usoni mwa Obiero akasoma kila kitu. Na hapo, mbele yenu wote, kwa uchungu wa kweli wa mlevi aliyejinyima mwenyewe, yule bwana akapiga meza na kusema:

"Sasa mbona hamkuniambia ni hiyo kabla sijaichukua?"

Hilo ndilo neno. Lisikie tena: mbona hamkuniambia ni hiyo. Alisema mwenyewe, kwa mdomo wa Kikristo, kwamba alichokamata ni kile alichokuwa akinywa. Hapakuwa na kangara. Adero, nyuma ya kidirisha, alifikiri, nimepona. Wote wamesikia. Karani wa korti yuko pale, daktari yuko pale, katekista anayetufundisha kutoshuhudia uongo yuko pale.

Ndipo akasikia kelele ya viti. Kimoja, halafu kingine, miguu ikikwaruza sakafu, mmoja mmoja, mpaka kwenye kile kidirisha akawa haoni uso hata mmoja, ila migongo. Mlikuwa mnaangalia ziwa.

Kwa nini? Si kwa kumwogopa Chifu; mmekwisha kumcheka. Ni aibu. Mlisifu Roma mkanywa Manyatta, na mnaona ni afadhali mama afungwe kuliko watu wajue kwamba ndimi zenu hazijui chochote. Haya ndiyo mambo mnayoyalinda.

Walter alifukuzwa kabla hajavua aproni. Kesi ilipotajwa, alisimama kizimbani akasema yote. Obiero naye akasimama, akaapa kwamba mama huyu hamjui, labda alimwona akiuza mboga. Hakimu alimsikiliza Walter mpaka mwisho, akavua miwani.

"Wewe umefukuzwa na klabu hiyo," alisema. "Una sababu ya kuwachukia. Unasema Chifu alitamka maneno haya mbele ya watu wengi. Watu wenyewe wako wapi?"

Adero aligeuka akatazama mabenchi. Waithira alikuwa mbele, mikono imeshika mkoba. Nyuma yake palikuwa na akina mama wa Manyatta, ambao hawaruhusiwi hata kukanyaga geti la klabu, basi wangesikia nini? Mabenchi mengine yalikuwa matupu. Karani wa korti alikuwa pale chini ya hakimu, kalamu mkononi, macho kwenye karatasi. Alikuwa na kipaji cha kuangalia ziwa hata pasipo na ziwa.

"Nawapa nafasi ya mwisho," hakimu akasema. "Alhamisi. Akitokea shahidi mwingine nitamsikiliza. Asipotokea, natoa hukumu."

Walipotoka nje Waithira alitaka kulia. Adero akamzuia. "Usilie bado," alisema. "Niliona nyuso zao. Wamesikia. Wanajua njia ya korti, si wao ndio wanatuleta huku kila siku?" Na jioni hiyo, dhamana ikiwa shingoni na Alhamisi ikimkodolea macho, aliloweka maganda mapya, akafunga leso. Kama hatakuwepo siku ya kuchujwa, Waithira atachuja.

Alhamisi ni kesho. Saa tatu asubuhi, mlango wa korti, ule ule. Huhitaji wakili wala tai. Unahitaji kusema sentensi moja uliyoisikia kwa masikio yako mwenyewe, kisha urudi zako ukanywe utakacho. Ulikuwa na nguvu za kuinua kiti na kukigeuza, basi mikono unayo. Inua mmoja, uape.

Liache hilo ziwa. Simama. Nenda.